Siku Mzee Magesa Alipokuja Msibani Kwetu

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni Buzuruga kununua dagaa, nikajikuta nimesimama katikati ya njia nalia, mfuko mtupu mkononi, watu wakinipisha kwa uangalifu kama wanavyompisha mgonjwa. Hakuna aliyenifanya lolote. Mama muuza dagaa alikuwa amepandisha kitenge mpaka gotini anajichua mguu kwa ile dawa kali ya kuchua inayochoma macho, na harufu yake ikachanganyika na ya dagaa waliokuwa mbele yake. Harufu hizo mbili kwa pamoja sikuwa nimezinusa tangu nikiwa na miaka tisa. Akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamjibu hapana, ni vumbi tu. Nilinunua dagaa wangu nikarudi Kiseke, na tangu siku hiyo sijatulia. Heri niliandike jambo lenyewe, huenda likanipungua.

Nilizaliwa na mdomo wa sungura. Mdomo wangu wa juu ulikuwa umepasuka upande wa kushoto, mwanya ukapanda mpaka kwenye tundu la pua, na meno mawili yalichungulia hata nilipofunga kinywa. Nyie wenzangu wa rika langu mliosoma shule za msingi za huku kwetu mlikuwa na mtoto wa namna hiyo, kama si darasani kwenu basi darasa la jirani, na mnakumbuka mlivyomwita. Mimi niliitwa Zimwi. Sina kinyongo tena na mtu, ila msiniambie kwamba ulikuwa utani wa watoto, maana mimi nilikuwepo.

Kilichozidisha mambo ni kwamba nilikuwa pacha. Sisi Wasukuma hatuhangaiki na majina ya mapacha: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume. Mimi ndiye Doto. Kulwa alitoka mzima. Macho yetu yalikuwa yale yale, paji la uso lile lile, hata masikio yaliyochomoza, kasoro mdomo. Watu wengine wakitaka kujua wangekuwaje kama wangeumbwa vizuri zaidi inabidi wakae wabuni. Mimi nilimwona kila asubuhi, amekaa mbele yangu anakunywa uji. Majirani walimweleza mama kwamba akiwa mjamzito lazima alimcheka mtu. Mama hakukumbuka kumcheka yeyote, lakini aliacha kucheka kabisa, kwa tahadhari.

Shuleni palikuwa na mchezo. Aliyenigusa, au niliyemgusa, alipaswa kumgusa mwingine kabla kengele haijalia, na huyo amguse mwingine, la sivyo angelala na mdomo mzima akaamka na mdomo wangu. Kiongozi wao alikuwa mvulana mmoja, Mashaka, mkubwa kuliko wote kwa kuwa alikuwa anarudia darasa. Kulwa hakuwahi kunitukana hata mara moja. Alichofanya ni kutembea hatua ishirini mbele yangu tukienda shule, na hatua ishirini mbele yangu tukirudi. Nilizoea kuuona mgongo wake. Mimi nilitembea nimeziba mdomo kwa kiganja, mpaka mama akawa analalamika kwamba ninafanya kazi zote za nyumbani kwa mkono mmoja.

Tulikaa karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha dagaa asubuhi. Baba alifanya kazi kiwandani Nyakato akija nyumbani Jumapili. Mama na wanawake wenzake walinunua dagaa wabichi na kuwaanika juu ya chanja, zile meza ndefu za miti na nyavu. Dagaa akianikwa ana maadui wengi. Kuna kunguru, kuna yangeyange, kuna korongo wale wenye vipara wanaotembea kama wazee wa baraza, na kuna binadamu. Kwa ajili ya hao wa mwisho wanawake walimtafuta mlinzi, ndipo akaja Mzee Magesa.

Nilipomwona mara ya kwanza nilijificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, na nilikaa hapo mpaka jua likanichoma kisogo. Alikuwa mzee mpana, anatembea kwa kutanua miguu kana kwamba ardhi ilikuwa inatikisika. Pua yake ilikuwa imelala kabisa usoni. Sikio la kushoto lilikuwa limevimba na kujifunga, halina tundu. Juu ya macho palikuwa na makovu yaliyopishana. Bibi yangu alikuwa ametusimulia hadithi nyingi za mazimwi: wanaishi peke yao, karibu na maji, masikio yao si kama ya watu. Nilimtazama siku tatu. Msinicheke, nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Nilikuwa nimempata mtu mzima wa aina yangu.

Jumamosi mama alinituma kufukuza ndege. Nilimkuta Mzee Magesa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anajichua vidole kwa dawa yake, moja moja, kwa utaratibu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe mutoto wa nani?" Alikuwa Mjita wa Mara, na hivyo ndivyo alivyotamka.

"Wa Mama Kulwa."

"Ndiwe Kulwa?"

"Mimi Doto."

Akanitazama vizuri zaidi. "Hata mimi nilizaliwa wa pili," akasema. "Sogea upande huu, hilo sikio lingine halisikii."

Nikasogea. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku tatu, kwa hiyo sikuzunguka. Nilimuuliza nitakuwa lini kama yeye.

"Kama mimi vipi?"

"Zimwi."

Akaacha kujichua vidole. Nikadhani nimetoa siri mahali pasipofaa, nikainama kwenye lile sikio lake zima nikamnong'oneza kwamba asiwe na wasiwasi, sitamwambia mtu. Hapo alicheka. Alicheka mpaka akashika mguu wa chanja asianguke, mpaka yangeyange wakaruka wote, halafu akaacha ghafla akajifuta macho kwa mkono wenye dawa, na dawa ikamchoma, ikabidi nimletee maji ya kunawa.

"Nani kasema wewe ni zimwi?"

"Wote."

"Na mimi nani kasema?"

"Nimeona mwenyewe."

Basi akanionyesha uso wake kipande kwa kipande. Pua ilikuwa ya Kampala. Sikio lilikuwa la Nairobi, raundi ya sita. Kovu la juu ya jicho la kulia alilipata Dodoma, la kushoto hakukumbuka, labda Tabora. Alikuwa bondia miaka ishirini na mbili, akaacha pale macho yalipoanza kuona ukungu. "Hii sura nimeitafuta," akasema. "Wewe yako umeipata wapi?"

"Nimezaliwa nayo."

"Basi wewe ulianza kupigana tumboni. Mimi nilianza nikiwa na miaka kumi na nane." Akatikisa kichwa kwa heshima ya kweli, heshima ya mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Hakuna aliyewahi kunitazama hivyo, na hata leo nikiwa na watoto wangu na kazi yangu sijatazamwa hivyo mara nyingi.

Tangu siku hiyo nikitoka shule nilikwenda kwake moja kwa moja. Tulifukuza ndege, tuligeuza dagaa kwa ufagio, na kazi ikiisha alinifundisha. Jambo la kwanza alilolitazama ni ule mkono wangu wa mdomoni. Nilitegemea aniambie niutoe, kama mama alivyozoea kuniambia. Yeye aliuchukua mkono wa pili akaupandisha kando ya wa kwanza. "Unaficha kwa mukono mmoja, unabaki wazi upande huu," akasema. "Bondia anaficha kwa miwili." Alinifunga viganja kwa vipande vya kanga kuukuu, akizungusha kwenye kifundo, akipitisha katikati ya vidole, taratibu, huku mikono yake mwenyewe ikitetemeka. Ilitetemeka siku zote. Nilidhani ni hamu ya kupigana iliyobaki ndani yake.

Hakunifundisha kupiga. Kila nilipomwomba alisema hilo nitajifunza nikikua. Alinifundisha kukwepa tu: kichwa kando, kiuno kizunguke, macho yasifumbe. Siku moja Mashaka alininyooshea mkono uwanjani ili auanzishe ule mchezo wao, nikakwepa. Akajaribu tena, nikakwepa. Mara ya tatu alijitupa kwa nguvu zote akaenda kuangukia matopeni bombani, na darasa zima likamcheka yeye. Nilimsimulia Mzee Magesa mara nne mfululizo, na mara zote nne alisikiliza kama habari mpya.

Kwa kweli huenda zilikuwa mpya. Ngumi za miaka ishirini na mbili zilikuwa zimemvuruga kumbukumbu. Aliweza kunisimulia pambano la Kampala, tukafukuza kunguru, akarudi kulianza upya. Siku nyingine aliniita kwa jina la binti yake aliyekuwa Musoma. Nilikuwa namvuta shati ageuke, ananitazama mdomo, na uso wake unafunguka: "Aa, Doto." Mwanya wangu, ambao watu wote waliutazama kisha wakatazama pembeni, kwake ndio ulikuwa kitambulisho. Sikulifikiria hilo wakati ule. Nililifikiria baadaye, nikiwa nimechelewa.

Alinisimulia pia habari ya pacha wake. Walikuwa na miaka minane, wakaenda ziwani kuoga, akarudi mmoja. Kwao, alisema, kifo cha pacha hakitangazwi. Wanaamini aliyebaki akisikia mwenzake analiliwa atamfuata. Kwa hiyo mama yao hakulia. Aliendelea kupakua sahani mbili, akiulizwa watoto hawajambo alijibu wote wawili wazima, na siku ndugu wa ukoo walipokuja kuwaona mapacha, alimchukua mtoto wa mdogo wake, akamvisha shati la marehemu, akamsimamisha kwenye nafasi ile, na tangu hapo mtoto huyo akabaki kwao. Majirani walijua. Waliitikia, wakasema kweli wako wawili, wakaacha kuni na unga wakaondoka. Nilimuuliza kama yule mtoto wa shati alikuwa mwema. Akaniambia niangalie korongo amesogea.

Halafu gari la matangazo likapita mwaloni. Madaktari walikuwa wanakuja kwa wiki moja kwenye hospitali kubwa mjini kushona midomo kama yangu, bila malipo. Mama alisikia tangazo hilo akiwa amebeba karai la dagaa kichwani, akalitua katikati ya barabara akakaa juu ya jiwe. Mimi nilikimbia kumwambia Mzee Magesa. Nilitarajia afurahi, na alifurahi, lakini kwanza alinitazama usoni kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua mara ya mwisho kabla ya kuirudisha.

"Binti yangu anataka kunichukua Musoma," akasema. "Anasema nasahau, nitaanguka ziwani. Nimemwambia angoje. Ukirudi uje kwangu kwanza, kabla hujaenda kwa hao wengine. Nikuone, ndipo niende."

Nikamwahidi. Nilikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa anajua ahadi ni nini. Nisijisingizie utoto kwa hilo.

Walinishona. Nilikaa wiki tatu kwa shangazi huko mjini mpaka nyuzi zikatolewa na uvimbe ukapungua. Siku shangazi aliponipa kioo, niliona sura ya Kulwa ikinitazama, imeshangaa, ina mstari mwembamba chini ya pua. Hata sauti yangu, iliyokuwa ikipitia puani, ilikuwa imehama. Niligusa kioo. Shangazi alilia, mama aliyekuja kunichukua akalia, nami nikalia kwa kuwaona wanalia.

Niliporudi nyumbani, Kulwa alinisubiri mlangoni asubuhi, na kwa mara ya kwanza tulitembea sambamba kwenda shule. Sitasahau, na sitaki kusahau, jinsi bega lake lilivyokuwa linagusa langu. Wasichana waliniita kuruka kamba. Mmoja alinipa nusu ya andazi lake, akang'ata upande mwingine wa andazi lile lile. Jina la Zimwi halikufa, lakini lilinihama likaenda kwa mtu mwingine: Mashaka na wenzake walianza kupita mwaloni wakitoka shule, wakimwimbia Mzee Magesa na kumrushia mchanga. Nilijua. Niliwasikia wakipanga.

Sikwenda kwake. Siku ya kwanza nilijiambia kidonda kinaogopa jua. Siku ya pili nilijiambia harufu ya dagaa si nzuri kwa mshono. Kufikia wiki ya pili sikuwa na haja ya kujiambia kitu. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa nimevuka kwenda upande wa watu, na yule mzee alikuwa amebaki ng'ambo, akinisubiri, na niliogopa kwamba nikimpungia mkono tu nitarudishwa.

Akaja yeye. Ilikuwa mchana, wakati wa mapumziko. Alisimama kwenye geti la shule amevaa koti na kofia, miguu ameitanua, na watoto wakamzunguka papo hapo. Kulwa hakuwepo siku hiyo, alikuwa nyumbani na malaria. "Namtafuta Doto," akasema Mzee Magesa. "Doto wa Mama Kulwa." Watoto wote wakanigeukia. Na yeye, alipoona wamegeuka, akanisogelea akanikazia yale macho yake yenye ukungu, akanitazama mdomo.

"Kulwa," akaniambia, "ndugu yako yuko wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Ilikuwa nafasi ndefu, naikumbuka urefu wake. Mashaka alikuwa pembeni yangu anang'ata kucha anangoja.

"Doto hakurudi," nikasema. "Alibaki hospitali."

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Magesa aliwatazama, akanitazama mimi, hakuelewa wanachocheka.

"Alibaki?"

"Ndiyo."

Akavua kofia. Alisimama nayo kifuani muda kidogo, kisha akageuka akaenda zake, na mtu mmoja akamrushia ganda la muwa. Mimi nilipewa karanga na pongezi, na karanga nilizila.

Jumamosi iliyofuata, jua limeanza kupanda, mama alikuwa anafua uani. Mimi na Kulwa tulikuwa ndani. Nilisikia mzigo wa kuni ukitua, nikachungulia. Mzee Magesa alikuwa mlangoni. Alikuwa amenyoa nywele zote. Alivua viatu, akaweka mfuko wa unga kando ya kuni, akakaa chini kwenye vumbi, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha.

"Mzee Magesa, shikamoo. Kwa nini chini? Ngoja nikutolee kiti," mama akasema.

"Marahaba, Mama Kulwa. Chini panatosha. Nimekuja kukaa nanyi kidogo."

"Karibu. Kuna nini?"

"Nimekuja kuwapa pole."

Mama akaacha kufua. "Pole ya nini, mzee?"

Mzee Magesa alimtazama tu kwa huruma, na kwa namna ya mtu aliyefanya kosa kutamka neno lile, akainamisha kichwa. Mama si mtu wa kuchelewa kuelewa. Alisimama, povu linamtiririka mikononi, akasema kwa sauti ya kicheko, yeye ambaye hakucheka, "Jamani, nani kakudanganya? Doto yupo, mzima kabisa. Wameshamshona. Kulwa, Doto, hebu tokeni."

Tulitoka. Tulisimama mbele yake bega kwa bega. Nje ya uzio walikuwa wamesimama wasichana watatu, wale wa kamba, waliokuja kutuita tukacheze.

"Haya, huyu hapa Doto wako," mama akasema. "Mtazame mwenyewe."

Alitutazama. Alianza na Kulwa, akaja kwangu, akarudi kwa Kulwa, kila mara akishuka mpaka mdomoni na kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa adabu kubwa.

"Kweli, Mama. Wako wawili."

Niliijua ile sauti na maneno yale. Mama hakuyajua, kwa sababu hakuwahi kusimuliwa. "Mzee, sikudanganyi," akasema, ameanza kukereka.

"Najua. Hata mama yetu hakudanganya. Utafanya hivyo hivyo, usichoke."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, "Babu, ni mimi Doto. Siku ile getini nilikudanganya." Alininyooshea mkono, akanigusa mdomo kwa kidole gumba. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi siku nyingi, ndiyo maana alivichua, na ule mstari mwembamba wa mshono hakuusikia. "Siku ile Kulwa alisema kweli," akasema kwa upole. "Hili ndilo umefundishwa leo. Si vibaya."

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho angekijua. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anajua nilichomuuliza siku ya kwanza, pale kwenye ndoo. Ningetamka tu kwamba ni mimi niliyetaka kujua nitakuwa lini zimwi kama yeye. Neno moja lingetosha. Nilifungua kinywa, nikawaona wale wasichana kwenye uzio, wametulia, wanasikiliza. Nikalimeza. Nimefanya makosa mengi tangu hapo, mengine makubwa mbele ya watu, lakini hakuna ninalolijutia kama lile ambalo hakuna aliyeliona nikilifanya.

Alikaa nasi mpaka saa sita. Mama alikata tamaa ya kumweleza, akampikia uji, akaunywa pale pale chini. Alipotaka kuinuka tulimshika mimi na Kulwa, mmoja kila upande. Hatukumwona tena. Binti yake alikuja kumchukua Jumatatu, sasa kwa kuwa hakuwa na wa kumsubiri, na mvua za mwaka ule hazijaisha tukaletewa habari kwamba amefariki. Mama alikwenda Musoma kuzika. Aliporudi aliniambia kwamba alijaribu kumweleza binti yake kuhusu Doto, na binti akamjibu kwamba baba yake alimlilia mjukuu huyo kimya kimya mpaka mwisho.

Lakini pale uani, kabla hajavaa viatu, alinishika bega. Alinitazama si kama anavyotazamwa mtu unayemfahamu, bali kama anavyotazamwa mtoto wa watu aliyeombwa kufanya kazi ngumu.

"Yule waliyemvisha shati la ndugu yangu," akasema, "sikumpenda. Nilimpiga kila siku, miaka miwili. Hakuwahi kunirudishia. Mutu wa kwanza niliyempiga maishani ni yeye, na hakuwa na kosa. Wewe umekuja kukaa mahali pagumu, mwanangu. Asante."

Kisha akamgeukia Kulwa, akamnyooshea kidole chake kinachotetemeka.

"Na wewe, najua unaumia. Lakini huyu usimpige."

Kulwa alinitazama. Alikuwa ameelewa yote, muda wote, pacha wangu aliyekuwa akitembea hatua ishirini mbele.

"Sitampiga, Babu," akasema.